Kubadilisha injini ya Volkswagen Beetle: kazi iko kwenye flaiwili na mabati

Injini ya Beetle imeshikana na gia boksi kwa bolti nne tu, zote za spana 17. Uzito wake ni takriban kilo 110, haina rejeta wala mipira ya maji, na watu wawili wenye jeki nzuri huitoa asubuhi moja. Kwa hiyo kutoa si tatizo. Injini ya kubadilishia ikifa mapema, mara nyingi chanzo ni flaiwili (gurudumu zito lililo kati ya injini na klachi) iliyofungwa bila kupimwa au hewa ya feni inayovuja kwa sababu mabati ya kuiongoza hayajakamilika.

Kabla ya kulipa pesa, soma herufi zilizogongwa kwenye kasha la injini, chini ya kitako cha dainamo, zinazoonyesha ukubwa wa injini kwa sisi. D ni 1200, F ni 1300, H ni 1500. AD na AS ni 1600. Kisha shika puli ya chini kwa mikono miwili, uivute na kuisukuma. Ikigonga waziwazi, beringi ya krenki (shafti kuu ya injini) imekwisha au nyumba yake imelika. Achana nayo, hata ikiwaka vizuri. Namba ya injini imeandikwa kwenye logibuku au kadi ya gari, kwa hiyo hifadhi risiti na ubadilishe kumbukumbu hizo mapema.

Gari la volti 6 likipokea injini ya volti 12, kuna mtego. Flaiwili ya zamani ina meno 109 na klachi ya milimita 180. Ile ya 1600 ina meno 130 na klachi ya milimita 200. Meno 130 hayaingii kwenye gia boksi ya zamani mpaka usage kidogo ndani ya kengele yake, yaani kasha linalofunika klachi, na stata ya volti 12 itahitaji bushi ya kupunguza tundu. Angalia pia beringi ya klachi. Gia boksi za kuanzia 1971 zina bomba linaloiongoza, na presha pleti yake haina pete ya katikati. Ukichanganya ya zamani na mpya, klachi italia na kuliwa.

Sasa flaiwili yenyewe. Nyuma yake hukaa shimu (pete nyembamba za kujaza pengo) tatu, si mbili wala nne, na ndizo zinazoamua mchezo wa krenki wa kwenda mbele na nyuma. Mchezo sahihi ni milimita 0.07 hadi 0.13. Funga flaiwili na shimu mbili bila oili sili, pima kwa geji ya saa (yenye uso wa mshale kama saa), toa milimita 0.10 kwenye kipimo ulichopata. Jibu ndilo unene wa shimu ya tatu. Weka zote tatu na sili mpya, kisha upime tena. Mchezo ukiwa mdogo mno, beringi inashika moto. Ukizidi, sili inavuja na klachi inalowa oili.

Nati kubwa ya katikati, ya soketi 36, hutaka torki ya karibu Nm 340. Kama huna spana ya torki kubwa kiasi hicho, zuia flaiwili isizunguke, weka bomba la mita moja likiwa mlalo, na uning'inize kilo 35 kwenye ncha yake. Usikisie kwa nguvu ya mkono. Nati ikilegea, pini nne za flaiwili hutafuna matundu yao na krenki nzima huharibika.

Wakati wa kutoa, ondoa waya wa betri chini ya kiti cha nyuma, bana mpira wa petroli, inua nyuma ya gari mpaka bampa ifike kama sentimita 90, na vuta injini nyuma moja kwa moja mpaka shafti ya gia boksi itoke kwenye klachi. Ukiishusha kabla ya hapo, utapinda sehemu ya katikati ya sahani ya klachi. Wakati wa kurudisha, pengo lote lifungwe kwa kusukuma kwa mkono. Likibaki, weka gia na uzungushe puli polepole mpaka meno ya shafti na ya klachi yakutane. Kuivuta kwa bolti huvunja masikio ya kasha.

Halafu mabati, sehemu inayodharauliwa kuliko zote. Injini hii hupozwa na hewa, na mabati hayo ndiyo rejeta yake. Yale ya chini ya silinda yawepo. Mpira unaozunguka chumba cha injini uwe mzima, vinginevyo feni hunyonya tena hewa ya moto iliyotoka chini. Kama umeondoa maboksi ya hita, kama wengi wa pwani wafanyavyo, ziba matundu mawili ya hita kwenye nyumba ya feni. Kwenye injini za kabla ya 1971, kipozeo cha oili kimesimama mbele ya silinda ya tatu, ndiyo maana ya tatu huungua kwanza.

Jaza oili lita 2.5. Toa waya wa koili, piga stata mpaka taa ya oili izime, ndipo uwashe. Mpangilio wa moto ni 1-4-3-2. Pengo la valvu zote ni milimita 0.15, injini ikiwa baridi kabisa. Taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) isizidi nyuzi 30 mbele, kwenye mizunguko 3,500 kwa dakika. Taa ya chaji ikiwaka njiani, simama papo hapo: mkanda unaozungusha dainamo ndio unaozungusha feni.

Kilomita 500 za kwanza zikiisha, badilisha oili, safisha chujio, pima valvu tena. Pengo la valvu ya ekzosti likipungua kila unapolipima, valvu inarefuka. Fungua silinda hedi kabla ya safari yoyote ndefu, kwa sababu kichwa cha valvu kikikatika hutoboa pistoni.