Mwajiri anayezuia mshahara wa dada wa kazi kwa madai ya kumtunzia

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Dar es Salaam. Tuna dada wa kazi mwenye umri wa miaka 19 aliyetoka Kondoa. Tulikubaliana shilingi 80,000 kwa mwezi, na sasa ametimiza miezi 14. Miezi minne ya mwanzo alilipwa mkononi. Ile kumi iliyofuata mume wangu alisema anamtunzia, atampa zote kwa mkupuo siku ya kurudi kwao. Mama yake anaumwa na anataka kuondoka, lakini mume wangu amesema hatamlipa mpaka apatikane mwingine, na kwamba atakata gharama za simu iliyopasuka kioo, kanzu iliyoungua kwa pasi na dawa za malaria tulizomnunulia. Mwezi ujao anakwenda Umra. Je, ana haki ya kufanya hivyo? Nami nina dhambi, ilhali si mimi niliyezuia mshahara?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Himidi zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Masahaba zake.

Dada yangu, shilingi 800,000 za miezi kumi ni mali ya binti huyo, na mume wako anadaiwa. Neno "kutunza" halibadilishi hukumu hiyo. Amana ni mali ambayo mwenyewe ameishika, kisha kwa hiari yake akaikabidhi kwa mtu anayemwamini, na akiidai hurudishiwa papo hapo. Mshahara ambao haujawahi kumfikia mwenyewe mkononi haukuwa amana hata siku moja. Umebaki kuwa deni katika dhima ya mwajiri, na kila mwezi ulipokwisha deni liliongezeka. Hata kama binti alinyamaza alipoambiwa atatunziwa, tujiulize alikuwa na uwezo gani wa kukataa, msichana aliye mbali na kwao, anayelala katika nyumba ya huyo huyo anayemwambia.

Amepokea Bukhari kutoka kwa Abu Hurayra (Allah amridhie) kwamba Mtume (S.A.W.) amesema kuwa Allah Mtukufu amesema kuna watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama: mtu aliyetoa ahadi kwa jina Lake kisha akafanya hiana, mtu aliyemuuza muungwana (yaani mtu huru, asiye mtumwa) akala thamani yake, na mtu aliyemwajiri mwajiriwa, akaichukua kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Tazama huyu wa tatu amewekwa jirani na nani. Aliyeuza muungwana amekula thamani ya mwili wa mtu ambaye si mali ya yeyote, na aliyezuia ujira amekula nguvu za mwili wa mtu huru bila malipo. Nami naona ukaribu huo waziwazi katika swali lako, kwa sababu mshahara uliozuiwa ili mtu asiondoke umekuwa kamba ya kumfungia.

Ama kauli kwamba hatalipwa mpaka apatikane mwingine, haina msingi. Makubaliano yenu ni ya mwezi kwa mwezi, na miezi kumi imekwisha kutumikiwa. Kama alipaswa kutoa taarifa kabla ya kuondoka, hilo ni jambo la kuzungumza naye kwa wema huku mkizingatia hali ya mama yake. Halifuti ujira wa kazi iliyokwisha kufanywa. Mwenye uwezo akichelewesha deni lililofika wakati wake, Mtume (S.A.W.) ameuita uchelewesho huo dhulma, na hadithi hiyo iko kwa Bukhari na Muslim.

Nije kwenye makato. Mwajiriwa wa nyumbani mkono wake ni mkono wa amana, yaani kinachoharibika akiwa kazini hakimlazimu kukilipa isipokuwa imethibiti kwamba alikusudia au alizembea. Simu hiyo ilipasuka vipi? Kama aliiacha mezani mtoto akaivuta, si juu yake. Na kanzu, kama aliipiga pasi kama anavyopiga siku zote, kisha pasi ikazidi moto, si juu yake vilevile. Anayedai uzembe ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi, na hawezi mtu mmoja kuwa mdai, shahidi, kadhi na mshika fedha kwa wakati mmoja. Uzembe ukithibiti, kinacholipwa ni thamani ya kanzu iliyokwisha kuvaliwa, si bei ya mpya dukani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, nayo haimwachii mwajiri akate apendavyo kufidia hasara: inataka mfanyakazi akubali kwa maandishi, na inaweka kikomo cha robo ya ujira.

Dawa za malaria ni jambo lililonihuzunisha zaidi. Mlipomnunulia hamkumwambia ni mkopo. Mlitoa kama watu wa nyumba moja wanavyotoa. Sasa kuzigeuza deni ni kurudi katika kile mlichokwisha kutoa, na Mtume (S.A.W.) amemfananisha anayerudi katika zawadi yake na mbwa anayeyarudia matapishi yake.

Niliwahi kuletewa mgogoro kama huu na mwajiri aliyekuja na daftari la shule la kurasa 48. Ndani yake aliandika kwa mkono mzuri: glasi mbili, sahani moja ya udongo, kifuniko cha birika, sabuni iliyoisha kabla ya wakati, sukari. Mwisho wa ukurasa hesabu ilionyesha kwamba binti aliyefanya kazi miezi sita ndiye anayedaiwa. Nilimuuliza ni wapi katika daftari hilo ameandika siku ambazo binti aliamka kabla ya alfajiri na kulala saa tano za usiku, akageuza kurasa kana kwamba anazitafuta. Hazikuwamo.

Wengi wetu hulia, na ni haki kulia, tunaposikia binti zetu walioko Omani na nchi nyingine za Ghuba wamenyang'anywa pasi za kusafiria na mishahara yao kuzuiwa. Mama yule aliyelala mgonjwa Kondoa naye ana binti aliyekwenda mbali kutafuta riziki, na nyumba iliyomzuilia ni ya Waislamu wenzake.

Ama wewe, kuzuia si kitendo chako, lakini huduma umeipokea wewe. Mkumbushe mumeo kwa upole, faraghani, na umsomee hadithi ile ya watu watatu. Ukiwa na mali yako na ukapenda kumlipa binti kwa niaba ya mumeo, deni hilo litaondoka na utapata ujira kwa Allah. Ujiangalie pia katika yaliyo mikononi mwako. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mtumishi akikuletea chakula na hukumketisha ule naye, basi mpe walau tonge moja au mawili, kwa kuwa yeye ndiye aliyestahimili joto lake na kukiandaa. Kama binti huyu alikuwa akingoja jikoni mpaka wote mshibe, kisha anakwangua ukoko wa sufuria aliyoipika mwenyewe, muombe radhi kabla hajapanda basi.

Kuhusu Umra, ibada yake itasihi ikitimiza nguzo na masharti yake, wala sisemi kwamba ni batili. Lakini Umra haifuti haki ya mja. Deni hili limekwisha kufika wakati wake na mwenyewe analidai, kwa hiyo hulipwa kabla ya kukata tiketi. Ikiwa fedha zake hazitoshi kwa yote mawili, aahirishe safari.

Alipwe kabla hajaondoka, shilingi 800,000 kamili, mbele ya shahidi, na iandikwe. Kama ada ya kwenu ni mwajiri kumlipia nauli ya kurudi, basi nauli hiyo ni juu yenu nje ya fedha hizo. Ikitokea ameondoka kabla ya kulipwa, atumiwe kwa simu siku hiyo hiyo. Na haijuzu fedha hizo kutolewa sadaka kwa jina lake maadamu yu hai na kwao kunajulikana.

Wallahu a'lam.