Kikombe kimevunjika, kimevunjwa, au yupo aliyekivunja?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari, nafundisha Kiingereza na Kiswahili. Katika Kiingereza tunawahimiza wanafunzi waandike kwa kauli ya kutenda na waikwepe kauli ya kutendwa, kwa kuwa hii ya pili, tunavyoambiwa, huifanya sentensi ipwaye na humficha mtenda. Je, kanuni hiyo inafaa pia katika insha za Kiswahili? Mwanafunzi wangu mmoja ameandika: "Kikombe kilivunjika na mdogo wangu, lakini nikafokewa mimi." Nilipiga mstari mwekundu chini ya "nikafokewa", na mwalimu mwenzangu anasema nimemwonea.

JIBU: Ndugu Mwalimu, mwenzako amesema kweli. Mstari mwekundu ulistahili kuwapo katika sentensi hiyo, ila umepigwa chini ya neno lisilo na hatia.

Kanuni unayoitaja ina sababu zake huko ilikozaliwa. Kiingereza huunda kauli ya kutendwa kwa kutanguliza kitenzi cha kuwa mbele ya kitenzi kikuu, na mtenda, kama anatajwa, husogezwa mwishoni pamoja na kihusishi chake, hata sentensi ya maneno matatu ikafika matano. Kiswahili hakitozwi gharama hiyo. "Aliandika" ni neno moja na "iliandikwa" ni neno moja; kilichoongezeka katika shina ni sauti ya w tu. Wala wazee wetu hawakuiona kauli hii kuwa dhaifu, maana walisema "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu", wakaitumia mara mbili katika maneno sita. Jaribu kuigeuza methali hiyo iwe ya kutenda: "Ambaye mama yake hakumfunza, ulimwengu humfunza." Maana ipo, lakini yule mtoto ambaye methali inamhusu amesukumwa pembeni, na vishazi viwili vimepata viima viwili tofauti. Kauli ya kutendwa ilimweka yeye mbele tangu mwanzo hadi mwisho.

Kuhusu kumficha mtenda, hapa ndipo lugha hizi mbili zinapoachana kabisa. Ukimkuta mtoto jikoni ameshika mkono wa kikombe na vipande vingine viko sakafuni, hatakuambia "kimevunjwa", kwa sababu anajua swali litakalofuata ni "na nani?" Atakuambia "kimevunjika". Kauli ya kutendwa inakiri kwamba mtenda yupo, hata kama hatajwi. Kauli ya kutendeka inaeleza hali ya kikombe na kumwacha mtenda nje ya habari. Ndiyo maana mhasibu anayeandika "fedha zimepotea" na yule anayeandika "fedha zimeibwa" hawajaandika taarifa moja. Anayetaka kuwafundisha vijana uwazi katika uandishi wa Kiswahili na aanze kuwaonya juu ya "zimepotea", "imecheleweshwa" aiache kwanza.

Na kwa kuwa kauli ya kutendeka haina nafasi ya mtenda, kumwongeza kwa "na" ni kosa la sarufi. "Kikombe kilivunjika na mdogo wangu" inasomeka kana kwamba kikombe na mdogo mtu walivunjika pamoja. Kosa hilihili limejaa katika taarifa za mikutano: "kazi hiyo ilifanyika na vijana", "uchunguzi utafanyika na kamati". Kama vijana wanatajwa, kazi ilifanywa. Kama hawatajwi, ilifanyika.

Turudi kwenye "nikafokewa", neno ambalo mimi ningelitilia alama ya vema. Kitenzi "foka" hakichukui yambwa, yaani yule au kile kinachotendwa. Kimepewa kwanza kiambishi cha kutendea, kikawa "fokea", ndipo kikaingia katika kutendwa. Njia hii ni mali kubwa ya Kiswahili, kwani yule aliyepatwa na jambo ndiye anayewekwa mbele. Mtu aliyepoteza simu kwa mwizi anaweza kusema "simu yangu imeibwa", lakini linalomtoka kwanza ni "nimeibiwa". Aliyenaswa na mvua amenyeshewa, na aliyekutwa na machweo njiani amechwewa. Lililo la ajabu zaidi ni "kufiwa": tunaposema "amefiwa na mume", yule anayetajwa baada ya "na" hakutenda lolote, amekufa tu, ila sarufi imempa kiti cha mtenda. Sijui ni namna gani mtu angemwambia mfiwa habari yake kwa kauli ya kutenda bila kuifanya iwe habari ya marehemu.

Kuhusu hiyo "na", wanafunzi wengi huichanganya na "kwa". Mtenda huletwa na "na", kifaa huletwa na "kwa": mti ulikatwa na Juma kwa shoka. Nguvu za asili huhesabiwa pamoja na watenda, ndiyo maana mtu hupigwa na radi au kuchomwa na jua. Kisu chaweza kukaa pande zote mbili, na tofauti yake ni ya kupendeza: "amekatwa na kisu" ni mtu aliyekuwa akimenya viazi akajikwaruza kidole, ilhali "amekatwa kwa kisu" inatufanya tuulize aliyekishika ni nani.

Hata hivyo, sisemi kwamba kauli ya kutendwa haitumiwi vibaya. Soma matangazo ya ofisini: "Taarifa inatolewa kwa wazazi wote kuwa malipo ya ada yanatakiwa kufanywa kabla ya mwisho wa mwezi." Ugonjwa hapa umeletwa na vitenzi vilivyonyang'anywa kazi, yaani "kutoa taarifa" na "kufanya malipo" mahali ambapo "kuarifu" na "kulipa" vipo na vinatosha. Andika "Wazazi mnaombwa kulipa ada kabla ya mwisho wa mwezi", na utaona kwamba "mnaombwa" bado ni kauli ya kutendwa, tena ndiyo iliyobeba adabu yote ya tangazo.

Kuna jambo moja zaidi ambalo kanuni ya Kiingereza haikulifikiria. Kiswahili kinaweza kukitanguliza kitu kilichotendwa bila kuiacha kauli ya kutenda, mradi kiambishi cha yambwa kikae ndani ya kitenzi: "Nguo hii ameishona mama", "Barua ameiandika mwenyekiti." Nguo imetangulia, mama amebaki mtenda, na uzito wa sauti unamwangukia yeye aliyekuja mwishoni. Hapa Mwingereza angelazimika mara nyingi kutumia kauli ya kutendwa.

Basi mrudishie mwanafunzi wako daftari, ufute mstari chini ya "nikafokewa" na uusogeze hadi chini ya "kilivunjika na". "Kilivunjwa na mdogo wangu" itakuwa sahihi, ila sentensi yake inapambanisha watu wawili, aliyekosa na aliyelaumiwa, kwa hiyo mimi ningemshauri aandike: "Kikombe alikivunja mdogo wangu, lakini nikafokewa mimi."