Mpira Wangu Mkali Ndio Ulioniangusha

Msomaji mmoja ameniuliza: ana mipira mitatu ya boling, ule mchezo wa kurusha mpira kuangusha pini kumi, ashike upi njia ya kurushia ikiwa ngumu? Swali lake limenitonesha kidonda. Mimi nililijibu vibaya siku ile ambayo sikutakiwa kukosea.

Ilikuwa hatua ya mchujo wa mashindano. Mafuta yanayofanya mpira uteleze yalipakwa juu ya njia futi 44 kati ya zile 60 za kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya mbele, tena karibu sawasawa upana wote. Kwenye ligi tumezoea mafuta mengi katikati na machache pembeni. Ukipotoka kwenda nje, ukavu unaurudisha mpira. Ukipotoka kwenda ndani, mafuta yanaushikilia usikate mapema. Pale huruma hiyo haikuwepo. Upana wa njia una mbao 39 nyembamba, zinazohesabiwa kutoka pembeni, na mimi nilikuwa nikiadhibiwa kwa kukosa mbili tu.

Nilibeba mipira mitatu, yote pauni 15. Wa kwanza ganda lake ni la rezini ya lulu inayong'aa, na kiini chake cha ndani hakina ulinganifu. Wa pili pia rezini, lakini ganda halina lulu na nilikuwa nimeufubaza kwa msasa namba 2000. Wa tatu ganda lake ni la yurethini, lisilogeuka ghafla kama rezini. Mwenzangu aliniambia tangu mazoezi, "Anza na ule uliofubaa." Nikamjibu kwamba ule wa lulu ulishanipa alama 258 katika mchezo mmoja. Nilisema hivyo kwa kiburi, na bado nakumbuka alivyonyamaza.

Ganda la lulu huteleza mbali, likigusa ukavu linageuka ghafla. Kwa mafuta marefu vile, mara lilichelewa kukata likaangukia pini ya 3 peke yake, mara liligeuka kwa hasira likaipiga pini ya 1 usoni. Katika michezo miwili, mara tano nilibakiwa na pini zilizosimama mbalimbali. Nilipokuja kushika ule uliofubaa, ulianza kuishika njia mapema, ukapinda taratibu, ukaingia kati ya pini ya 1 na ya 3 hata nilipokosa ubao mmoja. Nilikosa kufuzu kwa pini 11. Kumi na moja! Spea mbili, yaani kumalizia pini zilizobaki kwa mpira wa pili, nilizozichezea kwa papara zingetosha.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usilinganishe mipira kwa straiki zake, yaani kuangusha pini zote kwa mpira wa kwanza. Straiki zinadanganya. Ilinganishe kwa makosa yako: rusha kila mmoja mara kumi kwenye mstari uleule, kisha kosea makusudi mbao mbili ndani na mbili nje, uandike ulipoishia. Mpira ambao makosa yake yanakaribiana ndio wa njia ngumu. Nasema tena, angalia makosa.

Chukua urefu wa mafuta, toa 31. Utapata takriban ubao ambao mpira unapaswa kuwa unapotoka kwenye mafuta. Futi 44 ni ubao wa 13, kwa hiyo mimi niliyekuwa nikitupa nje kabisa nilijitakia. Futi 35 ni ubao wa 4, na hapo ndipo yurethini inapong'ara kwa sababu haishtuki ikikutana na ukavu. Kwenye mafuta marefu haipindi vya kutosha.

Na kabla ya kununua mpira mpya, badilisha ung'aavu wa ganda la ulio nao kwa msasa. Msasa namba 1000 na namba 4000 huufanya mpira mmoja kuwa kama miwili. Fanya hivyo nyumbani, maana kwa sheria za USBC, chama kinachosimamia boling Marekani, ganda haliguswi kwa msasa mchezo ukishaanza. Ufute pia kila baada ya kurusha. Rezini inakunywa mafuta, na watu wanalaumu kiini wakati ganda limeshiba.

Jibu langu kwako ni ule uliofubaa. Wangu wa lulu bado ninao. Sasa unatoka begini mafuta ya mbele yakishakauka na ule uliofubaa ukianza kupinda mapema mno.