Umehamishiwa Lamu na unataka kuijua historia yake? Anza na maji ya visimani

Mleta uzi, karibu Amu, yaani Lamu. Umesema umehamishwa kikazi kutoka bara hadi Kaunti ya Lamu, unataka kuijua historia ya mahali hapa na hujui uanzie wapi. Wengi watakupeleka ngomeni kwanza. Ngome ni ya kuonwa, lakini ni jengo la juzi: ilianza kujengwa 1813, ikakamilika 1821. Msikiti wa Pwani, ulio nyuma yake tu, hutajwa kuwa wa mwaka 1370, na kule Shanga, kisiwani Pate, wachimbaji wamekuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine tangu karne ya 8. Ukianzia ngomeni utadhani mji umeletwa na Waomani.

Mimi ningekuanzisha na maji ya kunywa. Tembea kwa miguu kutoka mjini hadi Shela, kandokando ya bahari, kama dakika 45, kisha utazame yale machuguu ya mchanga nyuma ya kijiji. Mvua huzama mle, na maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi yaliyo chini. Mji wa Lamu unakunywa kutoka hapo. Ndiyo maana watu wa hapa huwa wakali mtu akitaka kujenga juu ya mchanga ule: visima vikivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda, na ikishapanda hairudi upesi.

Ukishaelewa hilo, nenda Takwa, kisiwani Manda. Ulikuwa mji wenye ukuta, msikiti wa Ijumaa na kaburi la mnara, ukahamwa katika karne ya 17. Sababu inayotajwa zaidi ni visima kuingia chumvi, na watu wakavuka kwenda Shela. Hadi leo watu wa Shela huenda kwenye kaburi lile kuomba mvua. Sasa tahadhari: njia ya mashua hadi Takwa ni mkono mwembamba wa bahari katikati ya mikoko, na maji yakipwa haupitiki. Usimuulize nahodha "tunaondoka saa ngapi". Muulize maji yanajaa saa ngapi, halafu uhesabu muda wa kukaa usizidi saa mbili. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa uliyoambiwa juma lililopita haifai tena. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji huwa yamekupwa mnamo saa nne asubuhi na hujaa mnamo saa kumi jioni. Ukiondoka asubuhi siku hizo utakwama kwenye tope.

Ukirudi, ndipo uingie ngomeni. Mwanzoni mwa karne ya 19 Pate pamoja na Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, walikuja kuipiga Lamu, wakashindwa pwani ya Shela. Watu wa Lamu wakihofia kulipiziwa kisasi wakamwita Seyyid Said wa Maskati, naye akaleta liwali (mtawala kwa niaba yake) na askari. Ngome ile ni bei ya ushindi huo. Baadaye ikawa jela, mpaka 1984. Beba kitambulisho, kwa sababu kiingilio cha raia ni tofauti na cha mgeni, na malipo hufanywa kwa eCitizen. Kwenye makumbusho ya pale ufuoni usipite haraka mbele ya siwa mbili (mabaragumu makubwa), ya pembe ya Pate na ya shaba ya Lamu: hizo ndizo zilizokuwa alama ya enzi.

Mtaa wa Mkomani utembee bila haraka. Nyumba ya mawe huisoma kuanzia mlangoni: daka (kibaraza cha mlangoni), tekani (ukumbi wa kuingilia), kiwanda (ua wa ndani), kisha misana (vyumba virefu vinavyofuatana), na ndani kabisa chumba chenye zidaka (vishubaka) ukutani. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa kuwa upana wake hufuata urefu wa boriti ya mkoko, ambayo haibebi dari zaidi ya mita tatu hivi. Ukipanga nyumba ya namna hii usiikandike kwa saruji. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua. Saruji hufungia unyevu na chumvi ndani, na plasta hubanduka vipande vipande. Uliza kwanza ofisi ya uhifadhi ya makumbusho, maana mji wa kale uko kwenye urithi wa dunia tangu 2001.

Mjini pia kuna iliyokuwa posta ya Wajerumani, ya 1888 hadi 1891. Haieleweki bila Witu, mji wa bara. Ahmed Simba, wa ukoo wa Nabahani wa Pate, alihamia Witu kumkwepa Sultani wa Zanzibar, na mwaka 1885 akajiweka chini ya ulinzi wa Ujerumani kupitia ndugu wawili Denhardt. Mwaka 1890 Ujerumani ikamwachia Mwingereza eneo hilo, na mwaka huohuo Witu ikachomwa.

Kuhusu wazee: nenda barazani baada ya Laasiri, salimu, kaa, usitoe daftari siku ya kwanza. Utasikia kuwa Wanabahani walifika Pate mwaka 1203. Liandike, lakini uandike pia kwamba ni tarehe ya masimulizi. Wanahistoria wengi hawaikubali, wanaiona ya mapema mno. Mfungo Sita uwe mjini kwa Maulidi, na uulize kuhusu Habib Saleh aliyetoka Ngazija na kuanzisha Riyadha, msikiti na chuo cha dini: aliwasomesha watoto wa watumwa wakati wenye mji wengi hawakutaka.

Ikiwa kituo chako ni Mpeketoni au Hindi, upande wa bara wa kaunti, historia utakayoikuta ni ya ardhi. Uliza walowezi juu ya skimu ya makazi ya Ziwa Kenyatta ya miaka ya 1970, kisha uwaulize Wabajuni kuhusu vijiji vyao vya bara walivyovihama wakati wa vita vya shifta vya miaka ya 1960, na Waaweer, jamii ya wawindaji, kuhusu msitu wa Boni. Sikiliza pande zote tatu kabla ya kununua kiwanja.