Upasuaji mdogo wa kuinua uso: utafaa kwa shingo iliyolegea?

Dada, umesema una miaka 54, mashavu yameshuka hadi kwenye taya, na shingo nayo imelegea. Upasuaji mdogo utasaidia taya. Shingo, kidogo sana, hata ukiahidiwa mengine.

Daktari hukata mbele ya sikio, akakaza kwa nyuzi tabaka gumu lililo chini ya ngozi, kisha akapunguza ngozi iliyozidi. Mara nyingi ganzi na dawa ya kutuliza hutosha. Muulize wazi: unakaza tabaka hilo, au unavuta ngozi tu? Ngozi ikibeba mzigo wote, kovu hupanuka na ndewe huvutwa chini, ikaonekana kama imegundishwa shavuni.

Kama una keloidi (kovu nene linalokua kupita kidonda chenyewe), hata ya kutoboa masikio, mwonyeshe daktari kabla ya kulipa. Sigara iache angalau wiki 4 kabla na 4 baada: nikotini hubana mishipa, na ngozi ya karibu na sikio inaweza kufa. Aspirini usiiache bila ruhusa ya aliyekuandikia. Presha lazima iwe imetulia, maana damu huvilia hasa katika saa 24 za kwanza. Upande mmoja ukivimba ghafla na kuuma, rudi usiku huohuo. Usingoje kliniki ifunguliwe.

Hapa Nairobi, tafuta jina la daktari kwenye rejista ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya, uone kama ni mtaalamu wa upasuaji wa plastiki. Saluni yenye koti jeupe haihesabiki.