Bango la Bati Lenye Kutu

SWALI: Nina bango la zamani la bati, sentimita 60 kwa 40. Kona imeliwa na kutu, rangi inabanduka. Nilipake rangi upya kabla ya kulitia fremu?

JIBU: Hapana, uchakavu ndio uzuri wake. Rangi za zamani mara nyingi zina madini ya risasi, ambayo vumbi lake ni sumu, hivyo usizipige msasa. Futa vumbi kwa brashi laini. Kutu iliyo wazi isugue taratibu kwa steeliwuli (nyuzi laini za chuma za kusugulia) yenye mafuta mepesi. Lishikize kwenye plaiwudi ya milimita 9 kwa vibanio vilivyovikwa mpira, si gundi: bati na mbao havitanuki sawasawa, na gundi ikiachia hung'oa rangi. Ukiweka kioo, acha nafasi ya milimita 5. Kikigusa bati, unyevu hunaswa na kutu hurudi.