Koko alicheka nini

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa Jumapili niliusoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa jikoni, sambaza, vile visamaki vya ziwani, zikaungua. Unaniuliza: "Mama, kila siku naamka saa kumi na moja alfajiri, nasoma Neno, naomba, na sisikii furaha yoyote. Wewe unaipata wapi?" Kisha ukaongeza, kama mtu anayetupa jiwe na kukimbia, kwamba mkuu wa kikundi chenu cha maombi huko Lubumbashi amekuambia asiye na furaha mbele za Mungu ameficha dhambi.

Huyo mkuu nitamfikia. Nikianza naye sitamaliza.

Nianze na Koko, bibi yako. Wewe unamkumbuka akiomba kwa kunong'ona, hata ulikuwa ukimwiga, umejifunika kikwembe changu kichwani. Lakini Koko hakuzaliwa akinong'ona. Alikuwa akiomba kwa sauti, kama mtu anayeongea na jirani ng'ambo ya ua, na mara nyingi alicheka katikati ya maombi. Kunong'ona nilimfundisha mimi.

Alhamisi ile ya tarehe 17 Januari 2002, volkano ilipoushukia mji wetu wa Goma, ulikuwa na miaka miwili, uko mgongoni mwangu. Safari ya kukimbilia Gisenyi, Rwanda, umeisikia hadi umeichoka: kituo cha mpaka cha Petite Barrière na msongamano wake, Papa yako na godoro kichwani, Koko na Biblia yake na lile bidoni tupu, dumu la maji, alilokataa kuliacha. Ninachokuambia leo hakimo katika hadithi tunayosimuliana. Usiku wa pili tulilala nje, ardhi inatikisika, na mbingu upande wa Goma nyekundu. Habari zilikuwa zimekwisha kutufikia: lava imepita katikati ya mji hadi ziwani, kanisa kuu la Wakatoliki limeungua, na mtaa wetu uko chini ya mawe. Kibanda changu cha vikwembe kimekwenda, na mali iliyokuwa ndani nilikuwa nimeichukua kwa deni.

Saa kumi usiku Koko akaamka, kama kila siku. Akafunika kichwa, akaanza. Nilimsikia akitaja vitu, kimoja kimoja, sikujali ni vitu gani. Kisha akacheka. Kile kicheko chake cha pumzi, unakijua, cha mtu aliyeletewa habari njema mlangoni.

Nikamwambia, na watu waliolala pale wakasikia: "Mama, Mungu wako ametuchomea nyumba na wewe unacheka naye?"

Hakunijibu. Alikusanya kikwembe chake, akaenda kukaa mbali kidogo, akanipa mgongo. Tangu usiku ule, kila nilipokuwa karibu, aliomba kwa kunong'ona. Miaka 12, mwanangu, mpaka alipofariki. Nimeimba korali miaka yote hiyo, nimesimama mbele ya watu nimevaa sare, nimeimba kuhusu furaha, na nyumbani kwangu kuna mama mzee anayemficha mtoto wake furaha yake.

Jumapili tukarudi. Njia yetu ya kwenda ziwani haikuwepo tena, kulikuwa na mawe meusi yenye moto ndani, ukisimama kidogo soli ya plastiki inalainika. Koko alichukua bidoni lake siku ileile. Papa yako alimkataza. Alikwenda. Kesho yake akaenda tena, akapita palepale, na majirani wakaanza kumfuata nyuma, wakikanyaga alipokanyaga. Kabla ya mvua za Aprili kulikuwa na njia, mawe yamesagika, hata chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zinapita. Hakuna aliyeipima, hakuna aliyelipwa. Ndiyo maana nakuambia tangu ukiwa mdogo, na utaniambia nimeanza tena: njia inatengenezwa na miguu.

Sasa unaniambia umechoka kuamka alfajiri kwa sababu yamebaki mazoea tu. Mazoea yana ubaya gani? Koko alikuwa na mazoea. Ziwa analiendea kila siku, Mungu anamwendea kila siku, na siku nyingi, naamini, alirudi na maji tu.

Lakini nijibishane na nafsi yangu kidogo, maana nakusikia unavyonijibu. Utasema Koko aliumbwa mwepesi wa kucheka, alicheka hata na wauzaji wa makaa, furaha yake ilikuwa tabia, haikuwa neema. Huenda. Mimi mwenyewe sikuumbwa hivyo. Nimeomba miaka mingi nikiwa mkavu kama lile jiwe. Na kuna watu wanaokwenda kila siku kwa mazoea na hakuna wanayekwenda kumwona, hilo siwezi kulikataa, nimewahi kuwa mmoja wao. Basi miguu peke yake haitoshi? Sijui nikujibuje, ila najua kwamba siku furaha iliponijia ilinikuta njiani. Haikunifuata kitandani.

Nikuambie alichocheka. Nilimuuliza mwishowe, mwaka ule wa ugonjwa, nikimsugua miguu. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha, nikashindwa, nikauliza tu: "Mama, ule usiku wa Gisenyi ulicheka nini?" Alinyamaza muda mrefu, nikadhani amesahau. Kumbe alikuwa anasubiri kuulizwa. Akasema: "Nilikuwa namhesabia Mungu vitu vilivyoungua, ili asije akasema hakuambiwa. Nikafika kwenye sufuria ile yenye tundu. Miaka sita namwomba sufuria mpya, ananinyamazia. Nikamwambia, sasa, Bwana, huna pa kukwepea."

Akacheka tena palepale kitandani, hadi akakohoa. Na mimi nikacheka, na machozi yananitoka.

Unaona, mimi nilifikiri anacheka msiba wetu. Alikuwa analia nyumba yake kwa Mungu, kitu kwa kitu, na katikati ya kilio wakakutana kwenye sufuria, kama watu wawili waliozoeana. Mimi kwa miaka yote nilikuwa nikimpelekea Mungu maneno ya kanisani: utukufu, baraka, ushindi. Sikuwahi kumtajia sufuria. Tangu siku ile namtajia. Mwaka jana tu, mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, bomba likakauka na umeme ukakatika, nilirudi ziwani na bidoni kama zamani, kwa umri wangu huu. Nilikuwa nimeogopa hadi ulimi umekauka. Nikaanza kumhesabia: goti la kulia, bei ya makaa, simu yako isiyopatikana siku nne. Nilipofika kwenye goti la kushoto nikajikuta natabasamu. Haikuchukua muda. Yalikuwa maji ya kutosha siku ile.

Haya, huyo mkuu wenu. Nimeandika sentensi tatu juu yake, nikazifuta, maana ni mtumishi na wewe unamheshimu. Ila mwambie, au usimwambie, asome Zaburi ya 88. Inaanza kwa kumlilia Mungu mchana na usiku, na inaishia gizani, bila mstari hata mmoja wa kushangilia. Nayo iko katika Biblia, miongoni mwa maombi ya watu wa Mungu, haikutolewa. Na Habakuki anapohesabu mtini usiochanua, shamba lisilo na chakula, zizi lisilo na mifugo, hesabu yake yote anaimaliza kwanza, ndipo anasema "Walakini nitamfurahia BWANA." Alitaja vitu kwanza, kama Koko. Je, dhambi iliyofichwa haiwezi kukausha mtu? Inaweza, Daudi anakiri hivyo, na kama unayo unaijua mwenyewe. Lakini kumhukumu mtoto wa watu kwa sababu haruki wakati wenzake wanaruka...

Nimesimama hapo. Unataka nikuambie utoke katika kikundi hicho au ubaki. Ninalo jibu, liko hapa mdomoni, na Papa yako ananitazama akijua kwamba ninalo. Sitalisema. Niliwahi kumwambia mtu jinsi ya kuwa mbele za Mungu, na umeona kilichotokea. Ila kesho alfajiri, kabla hujasema neno lolote kubwa, mtajie mwenye nyumba wako, na kodi, na ule mguu unaokuuma. Kisha nipigie, hata kama hukusikia kitu.

Sufuria mpya Koko aliipata mwezi wa pili wa mwaka ule wa volkano, kwenye msaada uliogawiwa. Ninayo hadi leo, ndiyo niliyounguzia sambaza. Mfuniko wake uliondoka nao wewe ulipohamia Lubumbashi. Ukija Krismasi, uje nao.

Mama yako